Mondlane na Deni la Msomi

Lugha yetu ina maneno mawili kwa jambo moja. Mwanafunzi anapolipiwa karo na mtu au shirika lisilo la jamaa zake, sisi wa Kenya aghalabu husema kwamba amepata ufadhili. Wenzetu wengi wa Tanzania husema kwamba amepata udhamini. Neno la kwanza limetokana na fadhila, yaani wema anaotendewa mtu bila ya kuutolea jasho. La pili limetokana na dhamana, yaani ahadi ambayo mtu humsimamia mwenziwe, nayo ikivunjwa huwaaibisha wote wawili. Aliyefadhiliwa hutakiwa kushukuru, basi. Aliyedhaminiwa ana kazi zaidi: hutakiwa asimwangushe yule aliyesimama kwa ajili yake.

Nimeyatanguliza maneno haya kwa sababu kila mwaka wanafunzi hunijia wakitaka niwaandikie barua za kuwaunga mkono katika maombi yao ya ufadhili. Fomu zao, ziwe za ng'ambo au za humu nchini, huuliza karibu maswali yale yale matatu. Mbali na masomo, unashiriki katika shughuli gani za chuo? Umeitumikia vipi jamii yako? Unanuia kufanya kazi gani ukihitimu? Katika maswali mawili ya mwanzo kalamu za wengi hukauka, ilhali katika la tatu hububujika kama chemchemi. Kila mmoja atarudi kijijini, atajenga zahanati, ataufuta umaskini. Sisemi kwamba wanadanganya. Nasema tu kwamba ahadi inayotolewa na mtu mwenye shida ya karo ni nyepesi, na haiwezi kupimwa ila baada ya miaka mingi, wakati ambapo huenda aliyeiandika ameshaisahau.

Napenda basi tuyaangalie maisha ya mtu aliyeyajibu maswali hayo matatu kwa miaka yake yote, naye ni Dkt Eduardo Chivambo Mondlane wa Msumbiji. Wanafunzi wetu wengi wamelisikia jina lake kwa sababu ya chuo kikuu cha Maputo. Wengine wanamjua kama kiongozi wa kwanza wa chama cha Frelimo, aliyeuawa kwa bomu jijini Dar es Salaam mwaka wa 1969. Ni wachache wanaomjua kama mwanafunzi, na ni huko kwenye uanafunzi wake ndiko kuliko na funzo kwetu.

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika wilaya ya Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu miongoni mwa Watsonga, akafariki mtoto huyu angali mdogo sana. Hadi alipofikisha umri wa miaka kama kumi na miwili, Eduardo alikuwa mchungaji wa mifugo kama watoto wengine wa huko. Aliyemsukuma kwenda shule ni mama yake. Mama huyo hakuwa msomi, lakini alimsisitizia mwanawe kwamba sharti aijue siri ya nguvu za mzungu ili aweze kupambana naye. Mama naye aliaga dunia kabla ya mwanawe kuwa mtu mzima, akamwachia wasia huo kama urithi.

Yafaa tukumbuke hali ya Msumbiji wakati huo. Wareno walikuwa wamewagawa watu wa nchi hiyo katika makundi mawili kisheria: wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na umati uliobaki, ambao ulifanyishwa kazi za shokoa na kutozwa kodi bila ya kuwa na haki za raia. Elimu ya Waafrika iliachwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki kwa makubaliano ya mwaka wa 1940 na sheria ya mwaka wa 1941, na lengo lake halikuwa kumfikisha Mwafrika mbali. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka wa 1975, zaidi ya watu tisa katika kila kumi hawakujua kusoma wala kuandika.

Mondlane alipitia shule za misheni ya Waswisi, ambao walikuwa Waprotestanti, akamaliza masomo ya msingi. Alipotaka kuendelea na sekondari alikuta milango ya shule za serikali imefungwa. Akaenda Cambine, katika shule ya Wamethodisti, akasomea kilimo cha maeneo makavu, na papo hapo akajifunza Kiingereza. Alipomaliza alirudi Manjacaze kuwafunza wakulima yale aliyoyapata, na akawa pia akifanya kazi na makundi ya vijana wa kanisa. Naomba msomaji alitie jambo hili akilini. Kijana huyu hakuwa na shahada. Hata sekondari alikuwa hajaiona. Lakini kidogo alichofunzwa kwa msaada wa wengine alikigawa kwanza kabla ya kuomba kingine.

Baadaye alipata ufadhili wa kwenda katika shule ya Lemana, kaskazini mwa Transvaal, Afrika Kusini. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka ishirini, akaketi darasani na vijana waliomwita kaka. Kutoka hapo alijiunga na Jan Hofmeyr School huko Johannesburg, chuo kilichowafundisha Waafrika kazi ya ustawi wa jamii na ambacho Joshua Nkomo wa Zimbabwe pia alikipitia. Hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Lakini mwaka wa 1948 chama cha Malan kilikuwa kimetwaa utawala wa Afrika Kusini na kuanza kuipa nguvu ya sheria siasa yake ya ubaguzi. Mwafrika wa kutoka nchi ya kigeni katika chuo kikuu kilichojaa Wazungu alikuwa mwiba machoni mwa watawala hao. Mwaka wa 1949 Mondlane alinyimwa kibali cha kuendelea kukaa, akafukuzwa nchini, ingawa wanafunzi wenzake walipaza sauti kumtetea.

Mwaka huo huo alishiriki katika kuunda umoja wa wanafunzi wa Kiafrika wa shule za sekondari nchini Msumbiji, uliojulikana kwa kifupi kama NESAM. Kwa nje ulikuwa umoja wa masomo na utamaduni. Wanachama walikutana, wakajadili vitabu, wakasaidiana masomo, wakazungumza kuhusu hali ya watu wao. Wareno hawakudanganyika, walimkamata Mondlane na kumhoji. Kisha wakakata shauri kwamba dawa ya kijana kama huyo ni kumpeleka Ureno kwenyewe akafinyangwe upya. Mwaka wa 1950 akaingia Chuo Kikuu cha Lisbon, kwa msaada wa shirika la Phelps-Stokes la New York.

Ikiwa Wareno walidhani Lisbon ingemtuliza, walikosea. Huko alikutana na akina Amílcar Cabral na Agostinho Neto, ambao miaka ya baadaye waliongoza harakati za ukombozi, Cabral katika Guinea-Bissau na Cape Verde, naye Neto katika Angola. Polisi wa siri hawakumpa nafasi ya kupumua. Akaomba ufadhili wake uhamishiwe Marekani, na mwaka wa 1951, akiwa na umri wa miaka 31, akaingia Oberlin College katika jimbo la Ohio. Oberlin ni chuo chenye historia yake, kwani kilianza kuwapokea wanafunzi weusi tangu mwaka wa 1835, miaka thelathini kabla ya utumwa kukomeshwa Marekani. Mondlane alipata shahada yake ya kwanza hapo mwaka wa 1953.

Maisha yake ya chuoni Marekani hayakuishia maktabani. Alialikwa makanisani na katika kambi za vijana kuzungumza juu ya Afrika, naye akaenda, akawaeleza watu ambao hawajapata kulisikia hata jina la nchi yake. Ni katika kambi moja ya namna hiyo alikokutana na msichana wa Kimarekani, Janet Johnson, ambaye alimwoa mwaka wa 1956 ijapokuwa ndoa ya mtu mweusi na mzungu ilipingwa na wengi, weupe kwa weusi. Aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, akapata shahada ya uzamili na kisha, mwaka wa 1960, shahada ya uzamifu.

Kabla hata ya kuikamilisha shahada hiyo ya mwisho, mwaka wa 1957 alikuwa ameajiriwa na Umoja wa Mataifa katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini, Tanganyika ikiwa mojawapo. Tazama jinsi neno lile lilivyorudi. Nchi nzima ziliitwa za udhamini kwa sababu mataifa makubwa yaliahidi mbele ya ulimwengu kuzilea hadi zijitegemee, na kazi ya Mondlane ilikuwa kuchunguza kama ahadi hiyo ilikuwa ikitimizwa. Katika kazi hiyo alifahamiana na Mwalimu Julius Nyerere, aliyekwenda New York kuidai haki ya nchi yake.

Hapa ndipo safari ya wasomi wengi ingefikia kikomo. Alikuwa na kazi ya heshima, mshahara mnono, mke, watoto na shahada ya uzamifu. Mwaka wa 1961 alipata likizo, akaenda Msumbiji akiwa na kinga ya Umoja wa Mataifa. Watu walimiminika kumlaki. Aliyaona kwa macho yake yale aliyoyaacha zaidi ya miaka kumi nyuma, na hayakuwa yamebadilika. Wareno nao walijaribu kumvuta upande wao kwa kumwahidi cheo, akakataa. Aliporudi New York aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa mfanyakazi wake haruhusiwi kujihusisha na siasa, akaenda kufundisha anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Syracuse.

Tarehe 25 Juni 1962 makundi matatu ya Wasumbiji waliokuwa uhamishoni, likiwemo lile la MANU lenye wafuasi wengi miongoni mwa Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya, yaliungana mjini Dar es Salaam na kuunda Frelimo. Mondlane alichaguliwa kuwa rais. Mwaka wa 1963 aliuacha uhadhiri wake akahamia Dar es Salaam na aila yake. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964.

Mpaka hapa nimesimulia habari ambayo mwalimu yeyote angependa kuwasimulia wanafunzi wake siku ya kufunga shule: mchungaji aliyekuwa daktari wa falsafa, daktari wa falsafa aliyerudi kwao. Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimewadhulumu wasomaji. Katika maisha ya Mondlane pana sura nyingine ambayo haisimuliwi sana, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mwaka wa 1963 Frelimo ilifungua shule mjini Dar es Salaam, katika mtaa wa Kurasini, iliyoitwa Taasisi ya Msumbiji. Mkuu wake alikuwa Janet Mondlane. Shirika la Ford Foundation la Marekani lilitoa msaada wa mwanzo. Ureno, ikiwa mshirika wa Marekani katika mkataba wa NATO, ikalalamika, na msaada huo haukuendelezwa. Wahenga walituambia tumfadhili mbuzi kwa kuwa binadamu ana maudhi. Hapa ni mfadhili ndiye aliyewapa kisogo wafadhiliwa! Makanisa na mataifa ya Skandinavia yalisaidia kuiziba pengo hiyo.

Vijana walioingia Taasisi hiyo walikuwa wametoroka Msumbiji, wengi kwa miguu, wakauvuka mto Ruvuma. Wengi walikuja na tumaini moja: wamalize sekondari Dar es Salaam, kisha wapelekwe ng'ambo kwa masomo ya juu. Tumaini hilo halikuwa la kuokota njiani, kwani elimu ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowavuta vijana katika chama. Na mbele yao walikuwa na mfano ulio hai wa mtu aliyetoka machungani akaufikia uzamifu.

Lakini vita vilipopamba moto, mahitaji yalibadilika. Katika mikoa ya Cabo Delgado na Niassa, sehemu zilizokwisha kukombolewa zilikuwa na maelfu ya watoto waliofundishwa chini ya miti, na walimu wao wengine walikuwa na masomo ya miaka minne tu. Chama kikaamua kwamba wanafunzi wawe tayari kukatiza masomo ili wakafundishe, wakatibu na hata wakapigane, na kwamba waliopelekwa ng'ambo warudi. Wanafunzi waliokuwa Marekani walikataa, wakaandika waraka mkali mwaka wa 1968 wakidai kwamba uongozi unawaogopa wasomi watakaowauliza maswali. Wale wa Kurasini nao walikuwa na malalamiko yao. Walichukia kufundishwa kwa Kireno na walimu Wazungu, ijapokuwa walimu hao walikuwa wameiasi serikali ya Ureno. Padre mmoja, Mateus Gwenjere, akawaunga mkono. Mnamo Machi 1968 ghasia zikazuka, watu wa chama wakaingia mabwenini usiku kurudisha nidhamu, wanafunzi wakatawanyika na shule ikafungwa. Baadhi yao walivuka mpaka wakaja kwetu Kenya wakiwa wakimbizi, wakitafuta shule na ufadhili mwingine.

Mimi ni mwanaisimu, kwa hiyo suala la lugha hunivuta kwanza. Frelimo ilichagua Kireno kwa sababu ilihofia kwamba lugha yoyote ya Msumbiji ingependelea kabila moja. Mtsonga wa kusini na Mmakonde wa kaskazini hawakuelewana kwa lugha za mama zao. Watu wa kaskazini walikijua Kiswahili, na pwani ya Cabo Delgado huzungumzwa Kimwani kilicho na udugu nacho, lakini wa kusini hawakukijua. Kwa mwanafunzi aliyekuwa Dar es Salaam, hata hivyo, Kireno hakikuwa na faida ya papo hapo. Lugha iliyofungua milango ya ufadhili ilikuwa Kiingereza. Kwa hiyo mgogoro uliooneka kuwa wa lugha ulikuwa, kwa undani, ule ule wa deni. Kireno kilimwelekeza mwanafunzi arudi nyumbani, na Kiingereza kilimwonyesha njia ya kwenda mbali zaidi.

Nani alikuwa na haki? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu, na sithubutu kuwahukumu vijana wale kwa wepesi. Hoja yao kubwa ilikuwa na uzito. Mondlane mwenyewe alisoma hadi akamaliza, na hakuna aliyemwambia akatize masomo ili akashike bunduki au chaki. Nchi itakapokuwa huru itahitaji madaktari, wahandisi na mahakimu. Je, watatoka wapi ikiwa kila aliyefika kidato cha pili atapelekwa msituni? Aidha, kwa mwalimu yeyote, bweni la wanafunzi kuingiliwa usiku si jambo la kujivunia, hata kama lengo ni jema namna gani.

Upande wa Mondlane nao ulikuwa na hoja. Katika nchi ambayo mtu mmoja tu katika kumi anajua kusoma, kijana wa kidato cha pili ni msomi tayari. Kumngojea awe daktari ndipo aanze kutumika ni kumwambia mtoto wa Niassa asubiri miaka kumi na mitano bila mwalimu. Wala masomo ya kijana huyo hayakulipiwa ili yeye peke yake apande ngazi. Wakulima waliowalisha wapiganaji, na wapiganaji walioulinda mpaka, wote walikuwa wamechangia bila ya kutajwa katika daftari lolote la wafadhili.

Rai yangu ni hii. Kosa halikuwa katika kulidai deni, bali katika wakati wa kulitaja. Vijana wengi waliingia Kurasini wakiamini kwamba wamepewa fadhila, na ilipofika miaka ya baadaye ndipo walipoambiwa kwamba ilikuwa dhamana. Deni lisilotajwa siku ya kukopa huleta ugomvi siku ya kulipa. Na yule anayepewa hati ya deni kwa ghafula, kwa jumla moja kubwa, huiona kama hukumu ya kifo. Na katika vita vile huenda ilikuwa hivyo hasa.

Mondlane mwenyewe hakuwahi kukabiliwa na jumla kubwa ya namna hiyo, kwa kuwa alikuwa akilipa kidogo kidogo tangu mwanzo. Alilipa Manjacaze alipowafunza wakulima. Alilipa mwaka wa 1949 kwa NESAM, naye mwenyewe angali mwanafunzi aliyefukuzwa chuo. Alilipa katika makanisa ya Marekani. Siku alipoiacha kazi ya New York, na baadaye ile ya Syracuse, haikuwa mara yake ya kwanza kutoa. Alikuwa ameshauzoeza mkono wake. Nadhani hilo ndilo ambalo wanafunzi wa Kurasini hawakuelezwa walipotazama shahada zake. Waliiona ngazi aliyoipanda, hawakuona alichokiacha katika kila kipago.

Na ule umoja mdogo wa wanafunzi ulizaa nini? Miongoni mwa vijana waliopitia NESAM walikuwa Joaquim Chissano na Armando Guebuza, ambao wote wawili walikuja kuwa marais wa Msumbiji. Alikuwemo pia msichana mmoja aitwaye Josina Muthemba, aliyezaliwa mwaka wa 1945. Josina alifika Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ile ile ya Kurasini, akapewa nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu huko Uswisi. Aliikataa. Akajitolea kwenda katika kikosi cha wanawake ndani ya Msumbiji, akashughulika na malezi ya watoto waliofiwa na wazazi wao vitani. Aliolewa na Samora Machel mwaka wa 1969, akafariki kwa maradhi tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25. Siku hiyo ndiyo Siku ya Wanawake nchini Msumbiji. Simtaji Josina ili kila mwanafunzi akatae ufadhili. Namtaja kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ameanza kutumika angali msichana wa shule, na mazoea hayo yakamwongoza.

Mondlane alichaguliwa tena kuwa rais wa chama katika mkutano mkuu wa pili, uliofanyika Julai 1968 ndani ya ardhi iliyokombolewa ya Niassa. Miezi saba haikutimia. Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1969 alikwenda katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, Dar es Salaam, alikozoea kufanyia kazi kwa utulivu. Miongoni mwa barua zake palikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani likalipuka, likamuua. Msomi huyo alitegwa kwa kitu ambacho wauaji walijua hawezi kukiacha bila kukifungua. Alikuwa na miaka 48. Kitabu chake mwenyewe kuhusu harakati za Msumbiji kilichapishwa mwaka huo huo, yeye asikione. Alizikwa Kinondoni, na baada ya uhuru mabaki yake yakahamishiwa Maputo.

Mwaka wa 1976 chuo kikuu ambacho Wareno walikianzisha mjini Lourenço Marques mwaka wa 1962, hasa kwa ajili ya watoto wa walowezi, kilipewa jina la Eduardo Mondlane. Mtu aliyefungiwa milango ya sekondari katika nchi yake mwenyewe sasa ndiye mwenye jina juu ya mlango wa chuo kikuu.

Turudi kwetu. Tangu mwaka wa 1995 tuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na kila aliyekopa anajua kwamba atadaiwa shilingi zake. Deni hilo lina sheria, lina tarehe na lina adhabu. Tuna basari za maeneo bunge, tuna mashirika, tuna makanisa na misikiti inayolipa karo. Lakini liko deni jingine lisilo na fomu. Nchini mwetu mna wasichana walioachishwa shule ili kaka zao wamalize. Kuna shamba lililouzwa, kuna ng'ombe wa mwisho, kuna harambee ambayo mama mwenye kibanda cha mboga alitoa shilingi hamsini. Hawa ndio wadhamini wa kwanza wa msomi, nao hawana afisi ya kulalamikia asipolipa.

Kwenu walimu wenzangu, nawasihi tulitaje deni hili mapema, darasani, bila ya vitisho. Tusingoje mpaka kijana apate kazi ng'ambo ndipo tumwite msaliti. Tumpe nafasi ya kulipa angali kwetu: awafundishe kusoma watu wazima wa kijijini wakati wa likizo, awasaidie wa kidato cha kwanza katika hesabu, aunde chama cha wanafunzi kitakachojadili jambo la maana. Vyama vya wanafunzi tusivihesabu kuwa upotezaji wa wakati, wala tusiviache viwe vichaka vya kunyemelea kura na vyakula vya bure. Walioanzisha NESAM walikuwa wachache, nao hawakujua kwamba wanawalea marais.

Na kwenu wanafunzi, mnapolifikia lile swali la tatu kuhusu kazi mnayonuia kuifanya, lijibuni kwa ufupi. Maneno mengi yawekeni katika swali la pili. Na ikiwa hamna la kuandika hapo, wekeni kalamu chini kwanza, mwende mkatafute la kufanya. Fomu ya mwaka ujao itawakuta mna jibu. Dawa ya deni ni kulipa, na anayeanza mapema hulipa bila ya kuvunjika mgongo.